Majumba ya Michezo ya London na Waigizaji Wakuu wa Uingereza: Sheria, Ukumbi na Mlango

1. Utangulizi

Wanafunzi wetu husoma tamthilia za Shakespeare kama wasomavyo riwaya: kitabu mkononi, kalamu pembeni, na mtihani mwishoni mwa mwaka. Usomaji wa namna hiyo una faida zake, lakini unaficha jambo moja la kihistoria. Tamthilia hizo hazikutungwa kwa ajili ya kitabu. Zilitungwa kwa ajili ya jumba fulani, lenye ukubwa fulani, lililosimamiwa na sheria fulani, na lenye mlango ambao watu walilipa ili kuingia. Vivyo hivyo, majina ya waigizaji ambayo historia ya Uingereza imeyahifadhi, tangu Burbage hadi Olivier, husimuliwa kwa kawaida kama majina ya watu waliojaliwa kipaji cha pekee. Kipaji kilikuwapo, hapana shaka. Lakini kipaji hakisimami hewani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maisha ya mwigizaji wa tamthilia kuu, yaani yule ambaye sifa yake hupimwa kwa nafasi kama Hamlet, Othello au Lady Macbeth, yalitegemea jumba kwa njia tatu. Kwanza, sheria iliamua ni majumba gani yaliyoruhusiwa kuonyesha tamthilia hizo. Pili, ukubwa wa ukumbi uliamua ni sauti gani na ishara gani zitakazoitwa sanaa njema. Tatu, kundi la kudumu lililoishi ndani ya jumba ndilo lililokuwa shule ya mwigizaji. Tutafuata hasa jumba moja, Old Vic, kwa kuwa lilipitia hali zote tatu. Na mtu mmoja, Ira Aldridge, kwa kuwa yeye alikuwa na kipaji lakini hakupewa jumba.

2. Waigizaji wenye jumba lao (1576–1642)

Mwaka 1576 James Burbage, aliyekuwa seremala kabla ya kuwa mwigizaji, alijenga kaskazini mwa London, nje ya mamlaka ya wakuu wa jiji, jumba lililoitwa kwa jina la wazi kabisa: The Theatre. Ardhi ilikuwa ya kukodi. Mkataba ulipokwisha, na mwenye ardhi asipokubaliana na wapangaji juu ya mkataba mpya, wana wa Burbage walishika hoja kwamba ardhi si yao lakini mbao ni zao. Mwishoni mwa Desemba 1598 walilibomoa jumba. Mbao zikavushwa hadi upande wa kusini wa mto Thames, na mwaka 1599 zikasimamishwa upya kwa jina la Globe.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ujasiri wake, lakini maana yake ya kiuchumi ni kubwa zaidi. Ili kugharimia jumba jipya, ndugu hao wawili waligawana hisa na waigizaji wenzao, Shakespeare akiwa mmoja wao. Mwandishi, mwigizaji na mwenye jumba wakawa watu wale wale. Richard Burbage, mwana wa seremala, ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheza Hamlet, Othello na Mfalme Lear. Shakespeare alipoandika nafasi hizo aliijua sauti itakayozitamka, na aliujua uwanja utakaozisikia: jukwaa lililoingia katikati ya watazamaji, mwanga wa mchana, hakuna pazia, na watu wakisimama pande tatu. Hotuba ambazo mtu hujisemea peke yake, ambazo msomaji wa leo huziona kama mawazo ya siri, zilisemwa mbele ya umati ambao nyuso zake mwigizaji aliziona.

Globe iliteketea tarehe 29 Juni 1613, mzinga uliofyatuliwa katika onyesho ulipowasha paa la nyasi, na ikajengwa tena mwaka uliofuata. Kilicholifunga kabisa si moto bali siasa. Mwaka 1642, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Bunge lilipiga marufuku michezo yote. Kwa muda wa miaka 18 Uingereza haikuwa na jumba halali la michezo, na mlolongo wa ufundi uliotoka kwa Burbage nusura ukatike.

3. Hati mbili za mfalme

Ufalme uliporudi mwaka 1660, Charles II aliwapa watu wawili tu, Thomas Killigrew na William Davenant, haki ya kuunda makundi ya waigizaji mjini London. Haki hiyo ilithibitishwa kwa hati za kifalme ambazo zingeweza kurithiwa na hata kuuzwa. Msomaji aliyezoea historia ya Ufaransa atakumbuka kwamba mwaka 1680 Louis XIV naye aliunda kundi moja lililopewa upendeleo, Comédie-Française. Tofauti ni kwamba mfalme wa Ufaransa alilipa kundi lake ruzuku, hali mfalme wa Uingereza aliwapa watu wake ukiritimba, kisha akawaachia soko. Kutokana na hati hizo mbili zilitoka, baada ya mizunguko mingi, nyumba mbili zilizotawala tamthilia ya Kiingereza kwa muda wa karne moja na zaidi: Drury Lane, iliyofunguliwa mara ya kwanza mwaka 1663, na Covent Garden, iliyofunguliwa mwaka 1732.

Mwaka 1737 Bunge liliikaza kamba zaidi. Waziri Mkuu Robert Walpole, aliyechoshwa na michezo iliyomdhihaki, alipitisha sheria iliyotaka kila tamthilia mpya ipelekwe kwanza kwa afisa mkuu wa nyumba ya mfalme ili ikaguliwe, na iliyozuia mchezo wa maneno kuchezwa kwa malipo nje ya majumba yenye hati. Ukaguzi huo ulidumu hadi mwaka 1968. Kwa mwigizaji, matokeo yake yalikuwa haya: aliyetaka kucheza Shakespeare mjini London alikuwa na milango miwili tu ya kubisha, na nyuma ya kila mlango alikaa mfanyabiashara mmoja.

Hata hivyo sheria huzaa hila. Tarehe 19 Oktoba 1741 kijana mmoja mfanyabiashara wa mvinyo, David Garrick, alicheza Richard III katika jumba la Goodman's Fields, mashariki mwa London, lisilokuwa na hati. Tangazo lilisema kwamba watu wanalipia muziki, na kwamba mchezo utakaochezwa katikati ya sehemu mbili za muziki ni wa bure. Katika majuma machache jiji zima lilimfuata huko. Wenye hati hawakufurahi. Jumba hilo likafungwa mwaka 1742, naye Garrick akaingia Drury Lane, ambayo aliiongoza tangu mwaka 1747 hadi 1776. Hapo aliwaondoa watazamaji matajiri waliozoea kukaa juu ya jukwaa lenyewe, akaboresha taa, akawalazimisha waigizaji kufanya mazoezi kwa dhati. Alipofariki mwaka 1779 alizikwa katika Westminster Abbey. Mtu aliyeanza nje ya sheria alimalizia miongoni mwa wakuu wa taifa. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba heshima hiyo ilimjia baada ya kuingia mlangoni, wala si kabla.

4. Ukubwa wa ukumbi na sauti ya mwigizaji

Ukiritimba ulileta tatizo ambalo waliotoa hati hawakulifikiria. London ilikua haraka, lakini majumba yenye haki ya kuonyesha tamthilia hayakuongezeka. Njia pekee ya kupata fedha zaidi ilikuwa kuyapanua. Drury Lane iliyojengwa upya mwaka 1794 ilichukua watazamaji zaidi ya 3,600. Sura ya mwigizaji haikuonekana vyema tena kutoka roshani za juu, na sauti ya kawaida ilimezwa kabla ya kufika.

Sarah Siddons aliishi katika mabadiliko haya. Mara ya kwanza alipofika Drury Lane, katika msimu wa 1775–1776, alishindwa, akarudi mikoani. Miaka yake katika jumba dogo la Bath ndiyo iliyomfundisha. Aliporudi London mwaka 1782 akawa malkia wa tanzia. Inasimuliwa kwamba baada ya upanuzi alimwambia mwigizaji mwenzake kuwa amekuja kucheza jangwani, na kwamba yeye mwenyewe asingepata jina lake kama asingelipata kwanza katika jumba dogo. Mtindo wake na wa kaka yake John Philip Kemble, wa mwendo wa polepole, mikono iliyopangwa kama ya sanamu na sauti iliyovutwa, mara nyingi huelezwa kama upendo wa sanaa ya Kigiriki na Kirumi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Katika ukumbi wa watu 3,600, ishara ndogo ni ishara iliyopotea. Sanaa ya Kemble ilikuwa pia jibu la hesabu ya viti.

Covent Garden iliungua mwaka 1808, na Drury Lane mwaka 1809. Kemble alipofungua Covent Garden mpya mwezi Septemba 1809 kwa bei zilizopandishwa, watazamaji walipiga kelele usiku baada ya usiku, usiku 67, hadi akaomba radhi na bei za zamani zikarudishwa. Tukio hili linafundisha kwamba watu wa London hawakuliona jumba lenye hati kama mali ya mtu binafsi. Kwa kuwa sheria iliwanyima jumba jingine, walidai kwamba hilo lililopo ni lao.

Drury Lane mpya ilifunguliwa mwaka 1812, ikaelemewa na madeni. Wakuu wake, wakitafuta wa kuwaokoa, walimpata katika mji mdogo wa Dorchester mwigizaji mfupi, maskini, aliyezunguka mikoani tangu ujanani. Tarehe 26 Januari 1814 Edmund Kean alicheza Shylock, na jumba likapona. Kean hakufuata mwendo wa sanamu. Alitumia mapigo ya ghafla: kimya, kisha mlipuko, mnong'ono, kisha kilio. Wapenzi wake waliona maumbile yenyewe yakisema. Sisi tunaweza kuongeza kwamba hayo yalikuwa jibu la pili kwa swali lile lile la ukumbi mkubwa mno: Kemble alirefusha kila ishara ili ionekane, Kean alichagua nyakati chache akaziwasha moto.

5. Ira Aldridge, au mlango uliofunguliwa kwa siku mbili

Sasa tumfikirie mwigizaji asiyekuwa na mlango. Ira Aldridge alizaliwa New York mwaka 1807, mwana wa Wamarekani weusi walio huru. Mwaka 1824, akiwa bado kijana, alivuka bahari kwenda Uingereza kwa sababu katika nchi yake Mweusi hakuweza kutazamia maisha ya jukwaani. Mwaka 1825 alicheza katika majumba madogo ya London. Mwezi Oktoba mwaka huo alionekana katika Royal Coburg, jumba lililofunguliwa mwaka 1818 kusini mwa mto, karibu na daraja la Waterloo, katika mchezo wa maasi ya watumwa wa Surinam.

Ni lazima kufahamu hadhi ya jumba hilo. Coburg haikuwa na hati ya mfalme. Ilifanya kazi kwa leseni ya mahakimu wa mahali, na kisheria iliruhusiwa michezo ya nyimbo, ngoma na misisimko tu. Kwa kweli sheria ilikuwa ikivunjwa mara kwa mara, na mwaka 1831 Kean mwenyewe alikubali kucheza Shakespeare hapo. Mwigizaji mkubwa aliweza kushuka kutoka jumba lenye hati hadi jumba dogo, akalipwa, akarudi alikotoka. Je, aliyekuwa chini aliweza kupanda?

Jibu lilipatikana mwaka 1833. Tarehe 25 Machi Kean, ambaye mwili wake ulikuwa umeharibiwa na ulevi, alizimia jukwaani Covent Garden akiwa Othello, mwanawe Charles akicheza Iago. Alifariki tarehe 15 Mei. Katikati ya tarehe hizo mbili, tarehe 10 Aprili, uongozi wa Covent Garden ulimpa Aldridge nafasi ile ile. Baadhi ya magazeti ya London yalikuwa yamemshambulia hata kabla pazia halijafunguliwa. Baadaye mengine yaliandika kwa dharau juu ya rangi yake, na hasa juu ya mwigizaji mzungu wa Desdemona kuguswa na mikono yake. Watazamaji walimpigia makofi. Alicheza tena tarehe 12 Aprili, na hapo ikawa mwisho. Tusisahau kwamba huo ndio mwaka ambao Bunge lilikuwa likijadili kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza, na sheria ikapitishwa mwezi Agosti. Mwafrika jukwaani, akisema mashairi ya Shakespeare kwa ufasaha, alikuwa hoja inayotembea. Na wenye masilahi katika utumwa walilijua hilo.

Tangu siku hizo mbili Aldridge aliishi njiani. Alikwisha kuwa meneja wa jumba la mji wa Coventry kwa muda mwaka 1828. Sasa alizunguka mikoa ya Uingereza na Ireland mwaka hata mwaka. Wenye majumba walimtangaza kama Roscius wa Afrika, kwa jina la mwigizaji mashuhuri wa Roma ya kale, na matangazo yakamzulia ukoo wa kifalme wa Senegal. Alicheza Othello, lakini pia Shylock, Macbeth na Lear, mara nyingine akijipaka rangi nyeupe. Kuanzia mwaka 1852 alizunguka bara la Ulaya, akafika Urusi mwaka 1858. Yeye alisema maneno yake kwa Kiingereza huku waigizaji wenzake wakijibu kwa lugha ya nchi. Watawala wa Ujerumani walimpa nishani. London ilimwona tena katika jumba la heshima, Haymarket, mwaka 1865. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Agosti 1867, alifariki safarini katika mji wa Łódź, Poland, akazikwa huko.

Wanahistoria wa zamani wa jukwaa la Kiingereza walimtaja kwa sentensi moja, au hawakumtaja kabisa. Sababu yake, kwa maoni yetu, si chuki ya rangi peke yake. Historia ya jukwaa iliandikwa kwa kufuata majumba: nani aliongoza Drury Lane, nani alimrithi nani Covent Garden. Asiyekuwa na jumba hakuwa na mahali pa kuandikwa. Chuki ilimfungia mlango. Kisha desturi ya waandishi ikachukua mlango uliofungwa kuwa ushahidi kwamba hakustahili kuingia.

6. Jumba la daraja la Waterloo

Ukiritimba ulivunjwa na sheria ya mwaka 1843. Mara Samuel Phelps alichukua Sadler's Wells, jumba dogo la kaskazini mwa London, na kati ya mwaka 1844 na 1862 akaonyesha tamthilia zaidi ya 30 za Shakespeare kwa watu wa kawaida wa mtaa ule. Alithibitisha kwamba tamthilia kuu hazikuhitaji jumba kubwa wala wakubwa. Lakini katikati ya jiji mfumo mwingine ulishinda, ule wa mwigizaji ambaye pia ndiye meneja. Henry Irving aliliongoza jumba la Lyceum tangu mwaka 1878, Ellen Terry akiwa mwenzake mkuu jukwaani. Alitumia mwanga wa gesi kama mchoraji atumiavyo rangi, akalitia ukumbi giza ili macho yote yaelekee jukwaani. Mwaka 1895 akawa mwigizaji wa kwanza kupewa cheo cha Sir. Lakini mwaka 1898 moto uliteketeza ghala la mandhari zake. Mwaka 1902 akaondoka Lyceum, na mwaka 1905 akafariki mjini Bradford akiwa ziarani. Jumba la mtu mmoja hudumu kadiri ya nguvu za mtu huyo mmoja.

Wakati huo Coburg ya zamani ilikwisha badilisha jina. Tangu mwaka 1833 iliitwa Royal Victoria, na watu wa mtaa wakaifupisha kuwa Old Vic. Mwaka 1880 Emma Cons, mwanamke aliyepigania makazi bora ya maskini, aliichukua ili iwe mahali pa burudani pasipo pombe. Mpwa wake Lilian Baylis alimrithi mwaka 1912, na kuanzia mwaka 1914 akaanza kuonyesha Shakespeare kwa tiketi za bei nafuu. Kufikia mwaka 1923 tamthilia zote zilizochapwa katika mkusanyiko wa mwaka 1623 zilikuwa zimechezwa hapo. Jumba ambalo sheria iliwahi kulinyima Shakespeare likawa nyumbani kwake.

Mishahara ilikuwa midogo, mazoezi mafupi, na tamthilia zilibadilishwa kila baada ya majuma machache. Lakini hapo ndipo tunapoona kazi ya kundi la kudumu. Sybil Thorndike, wakati wa vita vya 1914–1918, alicheza hata nafasi za wanaume, kwani wanaume walikuwa vitani. John Gielgud aliacha malipo bora ya majumba ya biashara akaenda Old Vic mwaka 1929. Katika misimu miwili alipita nafasi nyingi kuliko ambazo mwenzake wa majumba ya biashara angezipata katika miaka kumi, na Hamlet wake wa mwaka 1930 ndiye aliyemweka mbele ya wenzake. Laurence Olivier alifika msimu wa 1936–1937. Kipaji cha Gielgud kilikuwa sauti, cha Olivier mwili. Lakini wote wawili walipata jambo moja, nalo ni nafasi ya kukosea leo na kujaribu tena kesho katika tamthilia nyingine, mbele ya watazamaji wale wale. Huo ndio uanagenzi, na hakuna kitabu kinachoweza kuushika nafasi yake.

Mabomu yaliliharibu jumba mwaka 1941. Kuanzia mwaka 1944 kundi lake lilicheza katika jumba la New Theatre likiongozwa na Olivier, Ralph Richardson na John Burrell, na miaka hiyo huhesabiwa miongoni mwa miaka bora ya karne. Old Vic ilifunguliwa tena mwaka 1950.

7. Majumba ya taifa

Baada ya vita dola yenyewe iliingia mlangoni. Sheria ya mwaka 1949 iliruhusu serikali kutoa hadi pauni milioni moja kwa ajili ya Jumba la Taifa, lakini kundi lenyewe lilianza kazi tarehe 22 Oktoba 1963, tena ndani ya Old Vic, Olivier akiwa mkurugenzi. Huko Stratford, alikozaliwa Shakespeare, jumba la mwaka 1879 lilikuwa limeungua mwaka 1926; jipya, lililochorwa na Elisabeth Scott, lilifunguliwa mwaka 1932, na waigizaji wakalalamika kwamba watazamaji wako mbali mno. Peter Hall aliliunda upya kundi la huko kwa jina la Royal Shakespeare Company mwaka 1961, akawapa waigizaji mikataba ya miaka mitatu. Kile ambacho Baylis alikifanya kwa umaskini kikawa sera ya nchi.

Mwaka 1964, katika Old Vic, Olivier alicheza Othello kwa kujipaka rangi nyeusi mwili mzima. Wengi walilisifu onyesho hilo kama kilele cha ufundi wake. Lakini anayejua historia ya jumba hilo hawezi kuliangalia kwa utulivu. Katika jengo lile lile, miaka 139 kabla, Aldridge alikuwa amecheza mtumwa muasi. Wala haikuwa kwamba hakukuwapo wengine: Paul Robeson alikwisha cheza Othello London mwaka 1930, pamoja na Peggy Ashcroft, na tena Stratford mwaka 1959. Jumba la Taifa lilimpa mwigizaji mweusi nafasi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1997, naye ni David Harewood. Adrian Lester, aliyemwigiza Aldridge mwenyewe mwaka 2012 katika tamthilia ya Lolita Chakrabarti, akawa Othello wa Jumba la Taifa mwaka 2013. Mwaka 2015 Lucian Msamati, mwana wa Watanzania, aliyelelewa Zimbabwe, akawa Mweusi wa kwanza kucheza Iago katika kundi la Stratford, na mwaka 2016 Paapa Essiedu akawa Hamlet wa kwanza mweusi wa kundi hilo. Tangu siku mbili za Covent Garden hadi hapo ni miaka zaidi ya 180.

Suala la ukubwa nalo halikwisha. Majengo mapya ya Jumba la Taifa, kando ya mto, yalifunguliwa tangu mwaka 1976, na ukumbi mkubwa kuliko zote, wenye viti zaidi ya 1,100, ukapewa jina la Olivier. Yeye mwenyewe hakucheza humo tamthilia hata moja. Mwaka huo huo Judi Dench na Ian McKellen walicheza Macbeth huko Stratford, si katika jumba kubwa bali katika kibanda cha mabati kilichoitwa The Other Place. Katika chumba hicho mnong'ono ulitosha, na wengi walikiri kwamba walikuwa hawajawahi kuisikia tamthilia hiyo hivyo. Jumba kubwa la Stratford lilipofunguliwa upya mwaka 2010, jukwaa lilisogezwa katikati ya watazamaji, na umbali wa kiti cha mwisho ukapunguzwa kutoka meta 27 hadi 15. Baada ya karne nne wajenzi walirudi kwa hesabu ya Burbage.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba hati iliamua nani acheze, ukumbi uliamua acheze vipi, na kundi liliamua ajifunze wapi. Haya hayapunguzi sifa ya Siddons, Kean au Gielgud. Yanatuzuia tu kuichukua orodha ya waigizaji wakuu kana kwamba ni orodha ya vipaji vyote vilivyokuwapo. Ni orodha ya vipaji vilivyopata mlango. Anayeandika historia ya sanaa yoyote anapaswa kuuliza pia juu ya waliobaki nje, na kuwatafuta mahali walipo: katika matangazo ya mikoani, katika magazeti ya miji midogo, katika makaburi ya ugenini.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili swali hili lina uzito wake. Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Tafsiri hizo zimeishi zaidi madarasani kuliko jukwaani, nasi huzichambua kwa msamiati na mizani kama maandishi matupu. Mwaka 2012 kundi la waigizaji kutoka Nairobi lilicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika Globe mpya ya London, iliyofunguliwa mwaka 1997 karibu na mahali pa ile ya kale, wakati tamthilia 37 zilipochezwa kwa lugha 37. Walicheza mchana, bila pazia, watu wakisimama pande tatu. Hapo ndipo tafsiri hupimwa kwa kipimo ambacho kitabu hakina: je, sentensi hii inatamkika kwa pumzi moja, na je, aliye nyuma kabisa anaisikia? Uchambuzi wetu wa tamthilia za Kiswahili utakuwa na nusu tu ya kitu tunachokichunguza mpaka tutakapouliza kila tamthilia ilichezwa katika ukumbi gani, mbele ya nani, na nani hakuruhusiwa kupanda jukwaani.